Mita 14.8: Maisha ya mhandisi Yanosuke Hirai, aliyekataa kuiamini bahari

Katika kikao kimoja cha hadhara kuhusu mradi wa nyuklia wa Uyombo, huko Kilifi, mzee mmoja mvuvi alisimama akauliza swali moja tu. Alitaka kujua mtambo huo utakaa juu ya maji kwa kimo gani, maji yakijaa siku ya bamvua na upepo wa kusi uko nyuma yake. Aliyekuwa akijibu alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ajira, barabara na umeme wa bei nafuu. Mzee akakaa. Tuliondoka pale swali lake likiwa bado limening'inia.

Mimi si mhandisi. Nina diploma yangu moja na miaka mingi ya kuandika mambo ya Pwani. Lakini swali la yule mzee nilikuwa nimeshalisoma mahali pengine, katika maisha ya mtu wa Japani aliyefariki mwaka 1986, ambaye wengi wetu hapa hatujamsikia. Jina lake ni Yanosuke Hirai. Kwao jina hilo lilivuma zaidi baada ya mwaka 2011, robo karne baada ya yeye kuzikwa, na lilivuma kwa sababu ya mita chache za udongo.

Hirai alizaliwa mwaka 1902 katika mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Ukitazama ramani utaona pwani ile imekatwakatwa na ghuba nyembamba, milima ikishuka hadi majini. Ghuba za namna hiyo ni bandari nzuri kwa wavuvi, lakini tsunami inapoingia humo maji hubanwa na kupanda juu, kama maji ya ndoo unapoyamimina kwenye mrija. Watu wa huko wanaijua hali hiyo kama sisi tunavyojua kusi na kaskazi. Mwaka 1896, miaka sita kabla Hirai hajazaliwa, tsunami iliua watu kama 22,000 katika pwani hiyo kwa jioni moja. Mwaka 1933, yeye akiwa kijana mwenye kazi yake, ikaja nyingine ikaua watu kama 3,000.

Lakini si hizo mbili zilizomkaa moyoni zaidi. Ilikuwa ile ya mwaka 869. Ndiyo, msomaji, mwaka 869, wakati miji yetu ya kale ya Pwani, kama Shanga kule Pate, ilikuwa bado vijiji vya miti na udongo. Mwaka huo tetemeko kubwa lilipiga, bahari ikapanda nchi kavu ya uwanda wa Sendai, na kumbukumbu za watawala wa Japani zikaandika kwamba watu wapatao elfu moja walizama. Sehemu aliyokulia Hirai haiko mbali na uwanda huo. Huko kulikuwa na hekalu la kale ambalo wenyeji walisimuliana kwamba maji ya mwaka 869 yalifika mpaka hapo, ndani kabisa ya nchi kavu. Mtoto akionyeshwa mahali na kuambiwa bahari ilifika hapa, hasahau.

Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Imperial cha Tokyo, kisha akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Toho. Huko alikuwa chini ya Yasuzaemon Matsunaga, mfanyabiashara mkali aliyeacha alama kubwa katika umeme wa Japani kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake. Vilikuja vita, serikali ikayakusanya makampuni ya umeme mkononi mwake, vita vikaisha, na mwaka 1951 nchi ikagawanywa katika makampuni tisa ya umeme. La kaskazini mashariki likaitwa Tohoku, makao yake Sendai. Hirai akawa mmoja wa wakuu wake wa ujenzi, na mwaka 1960 akawa makamu wa rais wa kampuni.

Kisa kimoja cha zama zake kinaonyesha alikuwa mtu wa aina gani. Kampuni ilikuwa ikijenga kituo cha umeme wa joto katika mji wa Niigata, upande wa pili wa nchi, kwenye ardhi ya mchanga karibu na bahari. Hirai alishikilia kwamba msingi ushuke chini sana kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu aliuogopa mchanga ule. Sisi tuliojenga nyumba tunajua mazungumzo hayo. Fundi anataka msingi mfupi, mwenye pesa anataka mfupi zaidi, na anayesema tuchimbe tena anaonekana mtu wa kusumbua watu. Mimi mwenyewe nilipojenga nyumba yangu nilibishana na fundi wiki nzima juu ya kozi mbili za mawe, na mwishowe nikakubali nisizozitaka. Kila masika maji yakinijia kizingitini namkumbuka yule fundi, lakini najikumbuka zaidi mimi niliyetaka kubana pesa.

Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko likapiga Niigata. Mchanga ulilainika ukawa kama uji. Picha za siku ile zinajulikana duniani kote: majumba ya orofa yamelala ubavu mzima mzima, kuta hazijavunjika, kana kwamba mtu ameyalaza kwa mkono. Kituo cha umeme cha kampuni ya Tohoku kilibaki kimesimama.

Wakati huo Hirai alikuwa ameshaondoka katika uongozi wa kampuni. Alikuwa katika taasisi kuu ya utafiti wa umeme, ile aliyoiasisi Matsunaga, akiongoza maabara yake ya ufundi. Hili ni jambo muhimu kwa yanayofuata. Alipoketi katika kamati ya mwaka 1968 hakuwa tena bosi wa mtu pale mezani. Hakuweza kuamuru, aliweza kusema tu.

Kamati hiyo iliundwa na kampuni ya Tohoku kwa ajili ya kituo chake cha kwanza cha nyuklia, huko Onagawa, kwenye rasi ya Oshika, katika mkoa ule ule aliozaliwa. Walikusanywa mabingwa wa bahari, wa ardhi na wa ujenzi. Kinu cha nyuklia kinahitaji maji mengi mno ya kukipooza, ndiyo maana nchi kama Japani huvijenga kando ya bahari, na ndiyo maana hata sisi Kilifi tulifikiwa. Ubaya wake ni kwamba ukizima kinu, joto halizimiki nalo. Mafuta ya nyuklia huendelea kutoa joto kwa siku na miezi, na pampu za maji lazima zizunguke muda huo wote. Pampu zinataka umeme. Umeme wa nje ukikatika unategemea jenereta. Maji ya chumvi yakifika kwenye jenereta na vyumba vya swichi, unabaki na moto usioweza kuuzima.

Kwa hiyo swali la kamati lilikuwa lile lile la mzee wetu wa Kilifi: juu ya maji, kimo gani?

Hesabu za wakati ule, zilizotegemea tsunami zilizojulikana vizuri, zilitoa wimbi la kama mita 3 hapo Onagawa. Ukiweka na nafasi ya tahadhari, baadhi ya wajumbe waliona mita 12 zinatosha sana, tena zinazidi. Hirai alisema hazitoshi. Alitaka uwanja wa kituo uwe mita 14.8 juu ya usawa wa bahari. Hoja yake ilikuwa mwaka 869. Wengine walihesabu kwa tsunami zilizokuwa na vipimo vya kuaminika, naye akasema bahari haianzi kufanya mambo yake siku mwanadamu anaponunua rula. Hayo ni maneno yangu, si yake, lakini ndiyo maana ya alichoshikilia.

Tuwe wa haki kwa wale wengine. Hawakuwa wajinga wala wala rushwa. Mita 3 za wimbi, mita 12 za uwanja, mtu yeyote wa hesabu angelala usingizi. Na kuinua uwanja si kazi ya siku moja. Kila mita unayopanda ni mlima wa kushughulikia, ni bomba refu zaidi, ni pampu yenye nguvu zaidi ya kuvuta maji ya kupoozea, ni pesa kila siku kwa miaka yote kituo kitakapokuwa kikifanya kazi. Na sheria haikumlazimisha mtu kufika huko.

Mmoja wa waliofanya kazi chini yake alieleza baadaye kwamba Hirai aliona kutii sheria ni kitu kimoja na kubeba dhamana ni kitu kingine, na kwamba mhandisi anaulizwa kwa matokeo, haulizwi kama alijaza fomu. Viongozi wa kampuni walimsikiliza. Uwanja ukajengwa mita 14.8.

Hakuishia hapo. Wavuvi watanielewa vizuri nikisema kwamba tsunami hupwa kabla haijajaa, mara nyingi bahari huvutwa nyuma kwanza, kina kikaonekana. Hirai aliuliza pampu zitanyonya nini wakati huo. Kwa sababu yake, njia ya kuingizia maji ilijengwa na kisima ndani yake, ili bahari ikikimbia kibaki na maji ya kupoozea kwa dakika kama 40.

Kinu cha kwanza cha Onagawa kilianza kuuza umeme mwezi Juni 1984. Hirai alifariki miaka miwili baadaye. Hakuona lolote la kumthibitisha kuwa sahihi. Kama angefufuka mwaka 2000 angekuta watu wengi wakiona mita zake ni anasa ya mzee mwoga.

Hata hivyo woga wake ulibaki ndani ya kampuni. Baada yake wahandisi wa Tohoku walikwenda kuchimba mashamba ya mpunga ya uwanda wa Sendai, na chini ya udongo wakakuta tabaka la mchanga wa bahari lililoachwa na maji ya mwaka 869. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990. Simulizi ya hekaluni ikawa na ushahidi wa kushikika. Makadirio ya wimbi kwa Onagawa nayo yakawa yanapanda: kutoka mita 3 hadi 9.1 wakati wa kujenga kinu cha pili, na baadaye mita 13.6. Kila hesabu mpya ilipokuja, uwanja ulikuwa tayari uko juu yake. Tafakari hapo kidogo. Kama wangejenga mita 12, hesabu ya mita 13.6 ingewakuta na vinu vitatu vimeshasimama mahali pasipofaa.

Kusini zaidi, kampuni nyingine ilikuwa imefanya kinyume. Mahali pa Fukushima Daiichi palikuwa na jabali la kando ya bahari lenye kimo cha kama mita 35. Bahari isingelifikia kamwe. Walilichonga likashuka hadi mita 10, ili vinu vikae juu ya mwamba imara na maji ya kupoozea yasipandishwe mbali. Wimbi walilolipangia mwanzoni lilikuwa mita 3.1, kwa kufuata tsunami iliyotoka Chile mwaka 1960. Baadaye wakaongeza hadi mita 5.7. Mwaka 2008 hesabu ya ndani ya kampuni yenyewe ilitoa wimbi la mita 15.7. Karatasi hiyo ilikuwepo. Ukuta haukuongezwa. Jenereta nyingi ziliachwa kwenye vyumba vya chini.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana kwa saa zao, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 9.0. Onagawa ndicho kituo cha nyuklia kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lile, karibu kuliko Fukushima. Njia nne kati ya tano za umeme wa nje zilikatika, ikabaki moja. Vinu vyote vitatu vilijizima. Kama dakika 40 na kitu baadaye bahari ikaja.

Ilipanda mita 13.

Hapa nataka msomaji asinikimbie, kwa sababu hesabu yenyewe haiko kama inavyosimuliwa na wapenzi wa nyuklia. Mita 14.8 kutoa 13 si mita 1.8. Tetemeko lilikuwa limeishusha rasi nzima kwa kama mita moja. Uwanja wa Hirai siku ile ulikuwa mita 13.8. Bahari ilisimama sentimita 80 chini ya ukingo. Huo ni urefu wa meza ya kulia chakula. Na hata hivyo maji yalipenya chini kwa chini kupitia tundu la kipimo cha maji, yakaingia katika vyumba vya chini vya kinu cha pili na kuharibu baadhi ya mitambo ya akiba. Katika kinu cha kwanza moto ulizuka kwenye swichi za umeme. Tangi la mafuta lililokuwa karibu na maji lilipinduliwa. Lakini pampu za kutosha ziliendelea kuzunguka, na kabla ya alfajiri vinu vyote vitatu vilikuwa vimepoa.

Fukushima, wimbi la mita 14 hadi 15 lilipita juu ya kila kitu. Jenereta zikanyamaza. Moja tu iliyokaa juu kidogo na isiyohitaji maji ya bahari iliokoa vinu namba 5 na 6. Vinu vitatu viliyeyuka. Zaidi ya watu 150,000 waliacha nyumba zao, na wengine hawajarudi hadi leo.

Mji wa Onagawa wenyewe ulifagiliwa. Zaidi ya watu 800 walipotea katika mji uliokuwa na watu kama 10,000. Walionusurika katika vijiji vya rasi hawakuwa na pa kwenda, barabara zimekatika, theluji inaanguka, usiku unaingia. Wakakimbilia mahali pekee palipokuwa na taa na ukavu, nako ni kituo cha nyuklia. Wasimamizi wakawafungulia jumba la michezo la wafanyakazi. Zaidi ya watu 300 walilala humo, na baadhi yao walikaa kama miezi mitatu.

Sijui kama kuna jengo jingine la nyuklia duniani ambalo watu walikimbilia ndani yake wakitafuta usalama. Nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara nafikiria wale akina mama na watoto wakikanyaga udongo ambao mtu mmoja alibishania mita zake miaka arobaini na mitatu nyuma.

Sasa turudi kwetu, maana najua kuna atakayesema ninapigia debe nyuklia na mwingine atakayesema naipinga. Uyombo iko kando ya Watamu, hatua chache kutoka maji ya Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kuupinga mradi wakakabiliana na polisi. Baadaye mazungumzo yakahamia Siaya, upande wa Ziwa Victoria. Wapo wanaodhani ziwa halina habari kama za bahari. Waulize waliofukuzwa na maji ya ziwa lile mwaka 2020 lilipopanda kuvunja rekodi zake.

Na bahari yetu pia ina kumbukumbu. Tarehe 26 Disemba 2004 tsunami iliyotoka Sumatra ilivuka bahari yote ya Hindi ikafika hapa. Ufuo ulifungwa mapema, nasi tukapoteza mtu mmoja. Somalia walipoteza karibu 300. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikaona maji yanakwenda na kurudi ovyo saa isiyo yake, na vijana wenzangu wakitaka kushuka kuokota samaki. Maji yalitukuta yamepwa. Yangetukuta kwenye bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa kwetu ni karibu mita 4, kila mtu ajipigie hesabu. Siku hiyo hiyo, katika pwani ya India huko Kalpakkam, maji yaliingia katika nyumba ya pampu za kituo cha nyuklia na kinu kikazimwa salama. Bahari ni hii hii moja.

Wala si tsunami pekee. Usiku wa tarehe 27 Disemba 1999 dhoruba kali pamoja na maji kujaa yalipita juu ya kingo za kituo cha Blayais, kwenye mlango wa mto Gironde huko Ufaransa, yakazamisha pampu na nyaya. Hapakuwa na tetemeko. Ulikuwa upepo na maji tu, vitu ambavyo sisi tunavyo kila mwaka.

Kinachonitia wasiwasi katika maisha ya Hirai ni kwamba alikuwa mmoja. Ungemwondoa mezani mwaka 1968, akaugua homa siku ya kikao, labda uwanja ungekuwa mita 12. Nchi yenye wasomi wengi kama Japani iliokoka mahali pamoja kwa sababu ya mzee mmoja aliyeonyeshwa hekalu utotoni. Sisi vikao vyetu vinaketi nani? Kuna mvuvi? Kuna anayejua bamvua la mwaka gani lilifika wapi, katika mahame gani, hadi kisima gani? Wazee wa Faza, Kipini na Ngomeni wanayo mambo hayo vichwani, na kila mwaka tunawazika.

Onagawa yenyewe haikuridhika na mita za Hirai. Kinu cha kwanza kimestaafishwa. Kinu cha pili kiliwashwa tena tarehe 29 Oktoba 2024, baada ya miaka 13 ya kuzimwa, nyuma ya ukuta mpya wa urefu wa mita kama 800. Ukingo wake wa juu uko mita 29 juu ya bahari.

Yule mzee wa Kilifi nilikutana naye tena bandarini akishona wavu. Nikamweleza habari za Hirai, nikamtajia namba. Akaniuliza tena kama kule kwenye kikao kuna aliyempatia jibu. Nikamwambia bado.